Nyanya za Ugenini

Mhariri wa gazeti letu amenitaka mara tatu niandike habari za miaka miwili niliyokaa Uingereza. Najua wanafunzi wangependa kusikia habari za treni zipitazo chini ya ardhi, na theluji, na saa kubwa ya London. Hayo yote niliyaona, lakini wengine wamekwisha kuyaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nitaeleza habari za nyanya. Anayedhani kuwa hilo ni jambo dogo na asome mpaka mwisho, kwa maana nyanya nusura zinivunjie nyumba yangu, tena zilinifanya nimtendee mzee wa watu jambo ambalo hata leo nikilikumbuka naona haya.

Mimi ni mtu wa Ilula, katika Mkoa wa Iringa. Kila aliyesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya anaijua Ilula kwa nyanya zake: matenga yamepangwa kando ya barabara, na kila basi linaposimama wachuuzi hulikimbilia wakiwa na ndoo mikononi. Mama yangu alitusomesha watoto watano kwa nyanya. Mbegu aliyokuwa akipanda iliitwa Mani Meka, nasi tulipokuwa wadogo tulidhani hilo ni jina la mtu aliyeileta. Wakati wa kuchuma kila mmoja wetu alificha chumvi kidogo katika karatasi mfukoni. Tulikuwa tukipasua nyanya iliyopata moto wa jua, tukaitia chumvi, tukaila pale pale shambani, na mama akijifanya haoni. Basi nilipokuwa mtu mzima sikupata hata siku moja kufikiri juu ya ladha ya nyanya, kama vile mtu asivyofikiri juu ya pumzi yake.

Nilifika Bedford mwezi wa Septemba 2011. Huo ni mji wa kadiri, yapata kilomita 80 kaskazini ya London, nao umepasuliwa na mto uitwao Great Ouse. Nilipata nafasi ya kusoma habari za udongo na maji katika chuo kikuu kilicho jirani. Miezi ya kwanza nilikula chakula cha wanafunzi, nikavumilia. Januari 2012 mke wangu akanifuata pamoja na mtoto wetu wa miaka minne, nami nikafurahi sana, nikajiambia kuwa sasa taabu ya chakula imekwisha.

Taabu ndiyo kwanza ilianza. Jioni ya kwanza mke wangu akapika wali na mchuzi wa nyama. Nikala, nikanyamaza. Jioni ya pili nikasema, "Mama, leo mchuzi umepoa kidogo." Juma la pili nikauliza kama alisahau vitunguu. Juma la tatu nikasema kuwa labda jiko la umeme halijamzoea. Wanafunzi ambao hawajaoa hawataelewa jinsi maneno kama hayo yanavyorundikana. Hata usiku mmoja wa Februari, theluji ikianguka nje, nilisukuma sahani mbele, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Kwa ufupi nilisema kuwa mama yangu alinipikia kwa kuni, katika chungu, na chakula kilikuwa chakula.

Mke wangu hakulia wala hakupiga kelele. Aliinuka akaenda jikoni, akatwaa nyanya mbichi, akaikata nusu mbili, akaniletea. Akasema, "Mwalimu, huu ni mwaka wa sita nakupikia. Mkono ni ule ule. Hebu onja hiki."

Nikaonja. Wallahi, ilikuwa kama kutafuna pamba iliyolowa maji. Nyekundu kabisa, imetakata, haina hata kovu, lakini haina tamu, haina kali, haina harufu. Nikamtazama mke wangu, naye akanitazama. Akaniambia, "Hiki ndicho unachonigombeza nacho tangu nimefika." Kisha akaenda kulala. Siku nne hakusema nami ila kwa mambo ya mtoto.

Katika siku nne hizo nilifanya kile ambacho mwalimu hufanya akishindwa na jambo la nyumbani: nikaenda maktaba. Nataka wanafunzi wa Bayolojia wasome kwa makini kidogo hapa. Ladha ya nyanya si sukari peke yake. Mna sukari, mna ukali wa asidi, na mna harufu nyingi nyepesi ambazo pua huzipokea wakati tunapotafuna. Vitu hivyo vyote hukamilika katika siku za mwisho, tunda likiwa bado juu ya mche wake, na majani yakiliingizia sukari iliyotengenezwa kwa nguvu ya jua. Sasa fikirini nyanya ya Bedford mwezi wa Januari. Siku ina mwanga wa saa nane tu, na huo mwanga wenyewe ni wa kijivu. Kwa hiyo nyingi za nyanya zinazouzwa huko wakati wa baridi hutoka mbali, hasa Hispania na Moroko. (Naam, nyanya niliyoilalamikia ilikuwa na karatasi iliyoandikwa Moroko, Mwafrika mwenzangu.) Ili isipondeke njiani huchumwa kabla haijaiva sawasawa. Wengine huiweka chumbani na kuipa gesi ya ethilini, ambayo ni gesi ile ile nyanya yenyewe huitoa inapoiva. Rangi huja. Lakini sukari ambayo haikupata kuingia kutoka katika majani, haina tena njia ya kuingia.

Kisha kuna baridi. Nyanya ikikaa mahali penye baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi huanza kupoteza harufu yake. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walionyesha kuwa nyanya iliyowekwa juma moja katika baridi ya nyuzi 5 hupunguza kazi ya jeni zinazotengeneza harufu, na hata ikitolewa nje hairudi kuwa kama zamani. Sisi hatukulijua hilo mwaka 2012. Nyanya zetu, zilizokwisha kufa njiani, tulikuwa tukiziua mara ya pili ndani ya friji.

La tatu ni mbegu yenyewe. Mwaka ule ule wa 2012 watafiti wa California na wenzao walitangaza jambo lililonishangaza kuliko yote. Kwa miaka kama 70 wazalishaji wa mbegu walikuwa wakichagua nyanya zinazoiva rangi moja pande zote, zisizo na mabega ya kijani karibu na kikonyo. Zinapendeza machoni. Kumbe jeni iliyokuwa ikileta mabega yale ndiyo iliyokuwa ikilisaidia tunda lenyewe kujitengenezea sehemu ya sukari yake. Wakulima walichagua kwa macho, na walaji wakalipa kwa ulimi.

Siku ya tano nilimwomba mke wangu radhi. Nilianza kumweleza habari za ethilini, akaniambia, "Mwalimu, sema pole tu." Nikasema pole.

Tangu hapo tukawa washirika katika kutafuta. Tulinunua nyanya za kila namna: zilizouzwa pamoja na vikonyo vyake, ambazo zilinukia, lakini kikonyo ndicho kilichonukia na si tunda, na zile ndogo kama zabibu, ambazo kwa kweli zilikuwa tamu kidogo, ila bei yake ilikuwa ya kumpigia mtu magoti. Mke wangu ndiye aliyegundua kuwa kwa mchuzi, nyanya za kopo kutoka Italia ni bora mara kumi kuliko mbichi za wakati wa baridi. Mimi nilicheka. Nyanya ya kopo! Lakini ukifikiri utaona sababu yake: ile ya kopo ilichumwa wakati wa jua kali, ikiwa imeiva, ikatiwa koponi karibu na shamba lake. Ilisafiri ikiwa imekwisha kuwa nyanya.

Kopo lile la Kiitalia likatuleta kwa Mwitalia mwenyewe. Yafaa nieleze kwanza kwa nini Bedford ina Waitalia wengi. Kusini ya mji huo kuna bonde lenye udongo wa mfinyanzi wa kijivu, wenye mabaki ya viumbe vya kale ndani yake, hata matofali yake yakichomwa husaidia kujiunguza yenyewe, na kuni au makaa kidogo hutosha. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na haja kubwa ya matofali na watu wa kuyafanya walikuwa haba. Basi tangu mwaka 1951 viwanda vya huko vikaajiri vijana kutoka kusini ya Italia, wakaja kwa maelfu, wakafanya kazi mbele ya matanuri, na wengi wao hawakurudi. Kiwanda cha mwisho cha bonde lile kilifungwa mwaka 2008. Wazee wao bado wapo, na mchana huwaona mjini wamekaa wakinywa kahawa na kubishana.

Jumapili moja ya Machi tulikuwa tukitembea na mtoto nyuma ya mji, tukapita penye bustani za kukodi. Waingereza wana desturi nzuri: mtu asiye na ardhi hukodishwa na mji kipande cha kulima mboga, na kuna sheria ya tangu mwaka 1908 inayohusu jambo hilo. Kipande kizima kwa desturi ni kama mita 250 za mraba. Ndani ya kibanda cha vioo tulimwona mzee mmoja mfupi, amevaa koti kuukuu, ameinamia visanduku vya miche. Mtoto wetu akaingia bila kubisha hodi. Tulipomkimbilia tulimkuta mzee amempa jani dogo la mche wa nyanya alifikiche na kulinusa.

Mtoto akamnyoshea mama yake vidole. Mke wangu akanusa. Wote mnaijua harufu ile ya jani la nyanya, kali, ya kijani, isiyotoka mkononi mpaka kesho. Mke wangu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa kitambaa chake, akalia, yeye ambaye hakulia usiku ule wa Februari. Mzee hakuuliza neno. Alimimina kahawa kutoka katika chupa ya chai akampa.

Mzee huyu alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji karibu na Napoli, akaja Bedford akiwa na miaka 19, akafanya matofali miaka 35. Mbegu zake za nyanya, aina ambayo kwao huitwa Moyo wa Ng'ombe, zililetwa na mama yake ndani ya soksi alipokuja kumtazama. Kila mwaka alizila nyanya na kutunza mbegu. Alipojua kuwa mimi ni mtoto wa wakulima wa nyanya alicheka kwa furaha, akaniazima robo ya shamba lake. Alisema, "Mgongo wangu umechoka. Lima wewe, mimi nitakuwa bwana shamba."

Sasa nafika penye haya yangu. Mzee alinipa mashauri manne. Nipande michache, mbali mbali. Niikate vichipukizi vinavyoota katika makwapa ya majani, na mche ukiisha kutoa vishada vinne niukate kichwa, kwa sababu kiangazi cha kule ni kifupi na cha tano hakitaiva. Niijengee kipaa cha nailoni juu, mvua isilowe majani. Na la nne, nikiona doa jeusi hata moja, niung'oe mche wote saa ile ile bila kuuliza. Nilimsikiliza kwa adabu, nikaitikia kila neno, na moyoni nikasema: mzee huyu alikuwa akifanya matofali wakati mama yangu akipeleka nyanya Kariakoo.

Nikapanda miche 32, imebanana kama abiria wa daladala. Ilikuwa Moneymaker, kwa kuwa nilipoona jina hilo katika duka la mbegu nilishtuka: Mani Meka! Kumbe ile mbegu ya mama yangu, ambayo tangu utoto niliihesabu kuwa ya Ilula, ni mbegu ya Kiingereza ya zamani, iliyokuja kwetu kwa meli. Nikainunua kama mtu aliyempata ndugu yake ugenini. Vichipukizi nikaviacha, maana niliona uchungu kukata kitu kinachoota. Kipaa sikujenga. Nikatia mbolea ya chumvichumvi kwa wingi, na majani yakawa makubwa na meusi kwa ubora, hata watu wa bustani jirani wakaja kutazama. Nilijiona bwana.

Mwaka ule kampuni za maji zilikataza watu kumwagilia bustani kwa mipira mwanzoni mwa Aprili kwa ajili ya ukame, na mara tu zilipokwisha kukataza mvua ikaanza. Ilinyesha Aprili, ikanyesha Juni, ikanyesha Julai. Mwaka 2012 ni katika miaka iliyopata mvua nyingi kabisa Uingereza tangu ianze kupimwa. Katikati ya Julai niliona doa moja la kahawia, lenye ukungu mweupe chini ya jani. Nilijua ni nini. Ni bakajani chelewa, ugonjwa ule ule ambao tangu mwaka 1845 uliharibu viazi vya Ireland na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Hupenda unyevu na ubaridi, na mbegu zake huchukuliwa na upepo. Nilijua, tena ninafundisha! Lakini mche ule ulikuwa na vishada sita vya nyanya za kijani, nami nilikuwa nimemwahidi mke wangu. Nikachuma lile jani, nikalitia mfukoni, nikanyamaza.

Siku tatu baadaye miche yangu mingine kumi na mmoja ilikuwa na madoa. Siku ya saba bustani yangu ilinuka uvundo, mashina yamekuwa meusi kama yaliyochomwa, na nyanya zimebabuka. Na upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwangu kwenda kwa mzee. Miche yake 20 iliyokuwa nje, yote ya Moyo wa Ng'ombe, ikafa kabla ya mwisho wa mwezi. Ikasalia minne tu, ile iliyokuwa ndani ya kibanda cha vioo.

Nilimwambia kweli. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyevunja kioo, nikamweleza habari za lile jani nililolitia mfukoni. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwaka huu ungekuja tu, ukiwa wako au si wako." Akachukua uma wa kung'olea akaanza kung'oa, nami nikang'oa pamoja naye, hata usiku ukaingia. Huenda ilikuwa kweli kwamba ungekuja tu, maana mwaka ule bakajani ilienea nchi nzima. Lakini doa la kwanza lilionekana kwangu. Mwisho wa Agosti alileta kikapu cha nyanya kutoka katika ile miche minne. Hakunipa mimi. Alimpa mke wangu.

Nyanya zile, kila moja ilikuwa kubwa kama ngumi, zina mikunjo, zimepasuka mabegani, hakuna duka ambalo lingezipokea. Mke wangu alizikata vipande vinene, akatia chumvi, hakupika kitu. Tukala kwa mkate. Sina haja ya kueleza.

Mwaka 2013 nilifanya nilivyoambiwa. Machi ule ulikuwa na baridi kali, wakasema haujaonekana Machi wa namna ile kwa miaka hamsini. Basi tukasia mbegu mwanzo wa Aprili juu ya dirisha la jikoni, na mtoto akapewa kazi ya kugeuza vikopo kila asubuhi, kwa maana miche huinamia kwenye mwanga na ikiachwa huota imepinda. Tulipanda nje mwanzo wa Juni, jalidi ilipokwisha, miche 12 tu: minne ya Moneymaker, minne ya aina ndogo iitwayo Gardener's Delight, na minne ya Moyo wa Ng'ombe, kutoka katika mbegu ambazo mzee alikubali kunipa tena. Tulijenga kipaa. Nilikata vichipukizi kila Jumamosi mpaka vidole vikawa vya kijani. Badala ya mbolea ya dukani tulitumia maji ya majani mapana yaliyoozeshwa katika pipa, yenye potashi nyingi na harufu mbaya mno. Na vishada vya kwanza vilipoanza kugeuka rangi, mzee akanizuia kumwagilia ovyo. Alisema nyanya iliyonyweshwa sana hunenepa kwa maji tu. Nilikumbuka Waholanzi, ambao nyanya zao za vibanda vya vioo Wajerumani walizibandika jina la mabomu ya maji, hata ikawapasa kutafuta mbegu nyingine.

Julai ile jua liliwaka kama la kwetu. Nyanya ya kwanza iliiva katikati ya Agosti. Sikuila. Niliichukua nyumbani mkononi kama yai, nikampa mke wangu, nikakaa mezani nikingoja. Akaikata nusu mbili kama usiku ule, akaonja nusu yake polepole, akaniacha ningoje kupita kiasi. Halafu akasema, "Sasa nigombeze."

Lakini nitasema kweli yote. Nyanya iliyotushangaza kwa utamu ilikuwa ile ndogo, na iliyotujaza moyo ilikuwa Moyo wa Ng'ombe. Moneymaker, ndugu yangu niliyemnunua kwa shangwe, ilikuwa ya wastani tu. Waingereza wenyewe waliniambia kuwa wengi wao huihesabu kuwa nyanya ya kuzaa sana, si ya ladha. Jambo hili liliniuma, kana kwamba mtu amemsema mama yangu.

Tulipokuwa karibu kurudi, Septemba, mzee alileta bahasha yenye mbegu. Nilikataa. Mimi ni mwalimu wa kilimo, najua sheria ya karantini ya mimea, na najua kuwa mbegu za nyanya huweza kubeba virusi visivyoonekana. Nilikuwa nimekwisha kuua bustani moja kwa kudharau jambo dogo. Nilimweleza, akakunja uso, akasema mama yake hakumwomba mtu ruhusa. Kisha akaitia bahasha katika mfuko wa koti lake. Tuliagana hivyo, naye hakupendezwa, na mimi sikujua la kusema.

Tulipofika Ilula, kabla sijafungua mizigo, nilikwenda shambani kwa mama. Nikakuta nyanya nisizozijua: ndefu, ngumu, ngozi kama ya embe. Mama akaniambia kuwa matajiri wa Dar es Salaam hawataki tena Mani Meka. Mpaka Kariakoo ni kilomita 450 hivi, na nyanya laini hupondeka chini ya tenga. Hizi mpya, hata ukizirusha ukutani hazipasuki. Tena huchumwa zingali na ubichi. Nilizionja. Sikusema kitu. Nilikuwa nimesafiri mpaka Ulaya kujifunza jambo ambalo lilikuwa likija kwetu kwa lori. Simlaumu mama. Nyanya ngumu ndiyo iliyomlipia paa la bati, na mwaka uliofuata, mdudu yule tumwitaye kantangaze alipoingia nchini, alihitaji kila senti.

Lakini nyuma ya jiko lake, penye maji ya kuoshea vyombo, alikuwa na mstari mmoja wa Mani Meka. "Hizi si za kuuza," akasema. Ilikuwa saa nane ya mchana. Nikachuma iliyoiva, yenye moto wa jua, mke wangu akatoa chumvi. Mbegu ni ile ile ya Bedford, jina ni lile lile, na haikuwa tunda lile lile kabisa.

Muhula ujao Kidato cha Pili watapanda matuta mawili katika shamba la shule, mbegu moja, udongo mmoja. Tuta la kwanza litachumwa likiwa la kijani na kuivishwa stoo. La pili litaachwa liivie juu ya mche. Siku ya wazazi wageni wataonja wamefumba macho, na hesabu yao itaandikwa ubaoni. Mzazi mwenye mbegu ya zamani aliyoitunza mwenyewe nyumbani twamwomba ampe mwanawe alete kidogo, na aandike jina la mahali ilipotoka. Mke wangu amekubali kuwa mwamuzi. Mimi nimekatazwa kusema neno lolote juu ya ladha.